Jinsi ya Kumpata Fundi Vioo Leonsi

Desideri mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana asubuhi, na sasa hivi tu mmenipita mlangoni wewe na mama yako mdogo Yustina mkienda mjini kukata tiketi ya basi. Kesho unaondoka hapa Milanzi kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam. Mambo ya kutunza begi, kufua soksi na kwenda kanisani Yustina ameshakwambia mara tano, mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu. Baba yako Leonsi hakupotea. Yuko Dar es Salaam, ni fundi vioo, na mimi nimelijua hilo tangu ukiwa darasa la pili.

Kama imekubidi usome tena hapo juu, soma. Mimi mwenyewe nimeandika mara tatu na kuchana mara mbili.

Najua utajiuliza kama hii nayo ni moja ya hadithi zangu. Una haki. Mtaa mzima unanijua kwa hadithi. Yule chui niliyemnyonga kwa mikono, chui alikuwepo kweli, ila nilimkuta ameshakufa kwenye mtego wa watu. Na haya makovu ya kichwani, na meno mawili yaliyokosekana mbele, ambayo nimekusimulia kwamba nilipigana na wanaume kumi na wawili Kariakoo nikimwokoa mama mjamzito: haikuwa Kariakoo, ilikuwa Magomeni, na mama mjamzito hakuwepo. Wanaume walikuwepo. Pengine walizidi kumi na wawili, sikupata nafasi ya kuhesabu. Wawili niliwaangusha, hilo haki ya Mungu ni kweli, mmoja akaanguka kwenye karai la mafuta ya vitumbua.

Sasa nianze mwanzo.

Unapakumbuka kwetu kule ukingoni? Ulikuwa na miaka sita. Mtu akisimama nyuma ya nyumba anaona bonde lote la Rukwa chini, moshi wa kijiji cha Kaoze, na ziwa likimetameta. Upepo wa pale mwezi wa saba unaingia mpaka kwenye mifupa. Nyumba zote zilikuwa na vidirisha vya kuziba kwa mbao au gunia, tukakaa gizani tukikohoa moshi. Nyumba ya Leonsi peke yake ilikuwa na vioo. Alijifunza kazi hiyo kwa mafundi wa misheni, akabeba vioo mgongoni kutoka mjini, amevifunga katikati ya magodoro ya nyasi, siku mbili kwa miguu, na hakikuvunjika hata kimoja. Madirisha manne. Mama yako, marehemu, alikuwa akikaa nyuma ya kioo cha mashariki akichambua maharage na jua linampiga usoni, huku nje upepo unang'oa nyasi za paa za wenzake. Alipofariki, Leonsi aliendelea kukifuta kile kioo kila asubuhi.

Mimi nilikuwa na wivu. Naandika neno hilo kwa mkono wangu. Mimi mdogo wake, mwenye nguvu kuliko yeye, niliyemshinda mieleka tangu utotoni, nilikuwa na dirisha la gunia.

Ndipo likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa. Mimi nilikuwa nimeingia mgambo mwaka ule, nina koti la kijani, buti na rungu. Nisikilize vizuri hapa, maana watu wengi wa rika langu siku hizi husema walitumwa. Sisi siku ile tulitumwa kusaidia watu kubeba mizigo. Hakuna aliyeniambia nivunje kitu. Leonsi alikubali kuhama, aliomba siku mbili tu azitoe fremu na vioo vyake taratibu aende navyo.

Akaniambia mbele ya wenzangu, "Klementi, kaka yako nakuomba. Siku mbili."

Mwenzangu mmoja akacheka, akasema, "Kumbe mgambo naye ana kaka wa kumpa amri!"

Ni hicho tu. Kicheko cha mtu mmoja ambaye hata jina lake silikumbuki. Nilikwenda kwenye dirisha la mashariki nikalipiga rungu. Nikaenda la pili. Nikaenda la tatu, watu wanapiga kelele, bibi yako ameshika kichwa, wewe umesimama kwenye matuta ya ulezi unalia. Nikarusha rungu kwa la nne, na Leonsi akatia mkono kukinga. Hakukinga kichwa chake, alikinga kioo. Rungu lilimpitisha mkono mle ndani na kile kipande kilichobaki kwenye fremu kikamkata kiganjani mpaka mfupa ukaonekana, mweupe kama jino. Damu ilimwagika ukutani. Mimi, badala ya kumshika, nikampiga teke la kifua, akaanguka juu ya vioo vyake, nikamwambia, "Simama ubebe mizigo kama wenzako."

Vidole viwili, cha pete na kidogo, vya mkono wa kulia, havikukunjuka tena. Alikaa kijijini siku tano, mkono umefungwa kanga ya bibi yako. Siku ya sita akaniletea wewe. Akasema, "Mtoto hawezi kutembea safari hii, na mimi sijui ninakokwenda. Mlishe. Nitatuma mtu kumchukua." Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Mbeya. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Mwaka uliofuata bibi yako alianza kuugua, na kila nilipoingia kwake aliniambia neno moja: "Niletee Leonsi." Dereva mmoja wa lori la mahindi alikuwa amesema kamwona Dar es Salaam, Magomeni, amebeba vioo. Basi nikapanda lori mpaka Mbeya, na treni kutoka Mbeya, na kote njiani nikawasimulia abiria kwamba nimetumwa kazi ya serikali. Niliamini nusu yake mwenyewe.

Desi, mji ule ni mkubwa. Unaweza kutembea tangu asubuhi mpaka adhuhuri na bado uko katikati ya nyumba. Na mimi nilimtafuta mtu kwa namna ambayo ni mshamba wa mgambo peke yake angeifanya. Nilivaa lile koti la kijani, na buti, nikapita mlango kwa mlango: "Mnamjua Leonsi? Fundi vioo. Mfipa. Mkono wa kulia mbovu. Yuko wapi?" Sikusalimia mtu. Siku zile walikuwa wakikamata watu wasio na kazi maalumu na kuwarudisha vijijini kwa malori. Sasa fikiria mtu wa koti la kijani anauliza jina, kazi na alama ya mwili. Mlango mmoja niliuliza, mama mmoja akaniambia hamjui fundi huyo, na nyuma yake kwenye meza naona vipande vya kioo vimepangwa.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja wa kanzu, mpole, anaitwa Mzee Shomari. Akanikaribisha kwenye mkeka.

"Karibu ndugu. Wewe ni nani kwake?"

Ningesema ni mdogo wake, mambo yangeisha pale pale. Baadaye nilijua kaka yangu alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwenye ule mkeka. Lakini niliona aibu kusema mimi ni ndugu wa fundi wa mtaani, nami nimekuja na koti. Nikasema, "Mimi ni mtu wa serikali, kutoka Rukwa."

Mzee Shomari akaniangalia buti, akaniangalia uso. "Huyo hayupo hapa, ndugu. Labda Ilala."

Nikazunguka Ilala siku nzima.

Siku ya tatu, jua la saa nne, nimerudi Magomeni, nimesimama mbele ya duka la fundi cherehani lenye dirisha kubwa la kioo, nina njaa, miguu imevimba ndani ya buti, nikapata akili ambayo niliiona ni ya ajabu. Kioo kikivunjika, ataitwa fundi vioo. Nikaokota jiwe. Nikarusha.

Mwanangu, sijawahi kusikia mlio kama ule wala sijawahi kuona watu wakitokea haraka vile. "Mwizi!" Mtu wa kwanza alinipiga na pasi ya mkaa. Nikamwangusha. Wa pili nikamsukuma kwenye yale mafuta ya vitumbua. Wa tatu sikumwona, alinijia kwa nyuma na ubao wenye msumari. Nikaenda chini. Walinipiga mateke ya mbavu, ya uso, ya sehemu ambazo siandiki. Meno nilimeza moja, jingine nilitema. Nikapiga kelele, "Mimi natoka Sumbawanga! Anayenigusa tena, radi itampiga kabla ya magharibi!"

Watu wa pwani wanatuogopa kwa hilo, utalikuta mwenyewe. Watatu wanne walirudi nyuma kweli. Halafu mama wa vitumbua akasema, "Radi kiangazi hiki? Mpigeni huyo!" Na wakaanza upya kwa nguvu ya hofu, ambayo ni mbaya kuliko ya hasira. Hilo nimejifunza kwa mgongo wangu, usije ukalijaribu.

Walinifunga mikono kwa waya, wakaniegemeza ukutani. Mmoja akawa anatafuta mafuta ya taa. Mzee Shomari alifika, akasema fundi ameitwa aje aone hasara, watulie kwanza. Jicho moja lilikuwa limeziba. Kwa lile la pili nikamwona kaka yangu anakuja, kioo kikubwa amekishika ubavuni kwa gunia, amekonda, ana mvi ambazo hakuwa nazo.

"Nani kavunja?"

"Huyu hapa, fundi. Mchawi wa Sumbawanga!"

Leonsi alinitazama. Naijua ile sura yake, tulilala mkeka mmoja miaka kumi na mitano. Alinigeuzia mgongo, akachukua kipimo, akaanza kupima dirisha.

Nikajua ameniacha nife. Na ndani yangu nikasema, haya, ni haki.

Kijana wa mafuta ya taa akarudi na chupa. "Tumalize, mzee!" Watu wakaanza kupiga kelele na kukanyaga chini. Ndipo Leonsi akasema, bila kugeuka, "Nyamazeni. Nakata kioo. Mtu akinisukuma au akikanyaga hapa kitapasuka, na hiki ndicho cha mwisho, madukani hakuna. Huyu mwenye duka atakaa na tundu mpaka mwakani."

Fundi cherehani akaruka. "Mmesikia? Kaeni chini! Kaeni chini wote!"

Na wakakaa, Desi. Watu wenye marungu mikononi wakakaa chini kama watoto wa katekisimu. Leonsi akavuta mstari kwa kalamu yake ya kukatia, sauti nyembamba inayoumiza meno. Akagonga kwa chini, kikaachana. Akakipandisha kwenye fremu. Akapigilia vimisumari, kimoja, kingine, taratibu kuliko kazi ilivyohitaji. Akakanda puti, ule udongo laini wa kushikilia kioo, akaupaka pembeni kote. Mafundi wengine hulainisha kwa kisu. Yeye kisu hakimkai, kwa sababu ya vile vidole viwili. Anabonyeza kwa kifundo cha kidole gumba, anabonyeza, anabonyeza, na kila anapobonyeza panabaki kishimo kidogo kama kucha ya mwezi mchanga. Nilikaa pale nikitokwa damu nikiangalia ule mkono nilioulemaza ukifanya kazi, na sikuweza kuangalia pengine. Alitumia karibu saa nzima. Yule mwenye chupa alichoka, akaenda zake. Wenye kazi wakaenda kazini. Hasira ikapoa juani.

Alipomaliza alifuta mikono kwa gunia, akamwambia balozi, "Mfungueni. Huyu ni mdogo wangu. Hasara ya kioo ni juu yangu."

Mzee Shomari akashangaa. "Mbona alisema yeye ni mtu wa serikali?"

"Huyu hajawahi kuwa mtu wa chochote," Leonsi akasema. Kisha akanibeba.

Nilikaa chumbani kwake siku nne. Alinilisha uji kwa kijiko. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimetoka Sumbawanga na maneno yote tayari, na pale yakakataa. Badala yake nikamsimulia habari za yule chui. Akacheka kidogo. Siku ya nne nikamwambia mama anamtaka. Akatikisa kichwa. "Mahali nilipokanyagwa sirudi. Mwambie niko hai, ninakula, ninasali. Mtoto anasoma?"

"Anasoma."

"Nitumie mtoto, Klementi. Yule dereva wa mahindi atamleta. Nina chumba, nina kazi. Nitumie kabla ya Krismasi."

Nikasema, "Nitamtuma." Nilimshika ule mkono mbovu nikiahidi.

Nikarudi. Basi liliposimama Sumbawanga ulikuwa pale stendi na Yustina. Ulipoona uso wangu umevimba ulikimbia ukanishika miguu, ukalia, ukasema, "Baba, nani amekupiga?" Mpaka siku ile ulikuwa ukiniita baba mdogo. Yustina na mimi Mungu hakutupa mtoto, unajua. Nilikuinua, nikawaambia wote waliokuwa pale, "Nimezunguka Dar es Salaam nzima. Leonsi hakupatikana." Na hapo hapo nikaanza hadithi ya wanaume kumi na wawili, nawe umekaa begani.

Bibi yako alikufa masika yale. Alikufa akidhani mwanawe amepotea, na mimi nilikaa kando ya kitanda nimeshika bakuli la maji.

Leonsi aliandika. Barua tatu, kupitia ofisi ya kijiji, na aliyekuwa akizichukua ni mimi. Mbili nilizichoma jikoni. Ya tatu sikuweza, nimeikunja ndani ya hii. Ni ya zamani na chumba alichokitaja alishahama. Yule dereva alikwenda mwaka juzi akakuta watu wengine, akaambiwa fundi bado yuko mjini, anahamahama. Na unaikumbuka siku ile uko darasa la tano ulipouliza kwa nini baba yako hakukupenda. Nilikupiga kwa mkanda mpaka Yustina akaingia katikati, naye nikampiga. Yeye alidhani ni pombe. Ilikuwa ile barua, iliyokuwa mfukoni mwa shati langu muda wote nikikuchapa.

Basi, jinsi ya kumpata. Usivae koti langu, nimeona umelipakia, litoe. Usitaje alama ya mkono wake kwa mtu. Usiseme umetumwa na yeyote. Nenda Magomeni, tembea mchana, polepole, kama mtu asiye na haraka, na uangalie madirisha. Pembeni, kwenye puti, mahali watu hawaangalii. Ukiona vile vishimo vya kifundo cha kidole vimepangana, hiyo ni kazi yake. Gusa. Ikiwa puti imekauka na kupasuka, endelea. Ikiwa bado inaingia ukucha, hajafika mbali. Hapo bisha hodi, toa shikamoo, kaa uulizwe habari za kwenu kwanza, na useme kwa mdomo wako, "Mimi ni mtoto wa fundi aliyeweka kioo hiki." Maneno hayo tu. Watu wa mji ule wanamficha mtu wao kwa wenye mabavu, hawamfichi kwa mtoto wake.

Nilikuwa nimepanga kuishona barua hii ndani ya pindo la blanketi lako uikute ukiwa umeshavuka Mbeya, mahali ambapo siwezi kuona uso wako. Nimeshaitunga hata sindano. Sasa nawasikia mnakuja, Yustina anakucheka kwa jambo fulani, nawe unamjibu kwa sauti ile nzito uliyoipata mwaka huu, sauti ya Leonsi kabisa.

Sindano nimeirudisha. Nakupa barua hii mkononi, sasa hivi, na nitasimama hapo hapo mpaka uimalize. Umenizidi kimo, na kwa mieleka sina hakika tena kama ningekuweza. Ukitaka kunipiga, piga. Mikono yangu nitaiweka nyuma.

Na ukimpata, mwite baba kabla hajakuuliza wewe ni nani.

Klementi,
mdogo wake Leonsi